Nguzo ipi, upande upi? Jibu kwa mzamiaji wa Mtwara anayetaka kukopa kamera

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzamiaji hapa Mtwara, mwaka wa sita sasa. Nakwangua matumbo ya boti na tishari, nabadilisha zinki za kuzuia kutu, na mara nyingine nakagua nguzo za magati madogo, huku na Lindi. Juzi mteja amenizuilia nusu ya malipo. Anasema picha nilizompa ni kijani tupu, na hata zile zinazoonekana hajui ni nguzo ipi. Nilitumia GoPro, ile kamera ndogo. Nafikiria kukopa ninunue kamera kubwa yenye kasha lake na flashi mbili. Nikope, au kuna njia nyingine?" (Mzamiaji, Shangani)

Marahaba, mwanangu. Usikope kwanza.

Mteja wako ametoa malalamiko mawili, wewe umesikia moja. Ukijani ni shida ya mwanga, na hiyo tutaitibu kwa pesa kidogo. Lakini lile la "hajui ni nguzo ipi" hata kamera ya milioni kumi haiwezi kulitatua. Itakupa picha kali, yenye rangi nzuri, ya nguzo isiyojulikana. Kwa hiyo naanza na hilo la pili, maana ndilo lililokunyima hela.

Nikusimulie lililonipata mimi. Miaka ya nyuma nilikuwa chini ya gati moja la pwani hii nikiwa na kamera na tochi. Tulikubaliana kutaja pande za nguzo kwa uso wa saa, kama wazamiaji wengi duniani wanavyofanya: 12 ni upande unaotazama bahari, halafu unazunguka. Nikaona tundu la kutu, kubwa la kuingia ngumi. Nikatangaza juu: tundu liko saa tatu. Msimamizi wetu alikuwa amejifunzia kazi ng'ambo, akaandika 3. Mimi niliposema saa tatu, kichwani mwangu mshale mfupi ulikuwa kwenye 9, kama unavyokuwa kila siku saa tatu asubuhi. Hesabu mwenyewe uone: 3 na 9 ni pande mbili za nguzo zinazopeana mgongo. Fundi wa kuchomelea akashuka siku ya pili na bamba lake, akakwangua, akakuta chuma kizima kabisa. Nusu siku ikapotea, na picha yangu haikusaidia kitu, kwa kuwa ilikuwa picha ya tundu tu. Ndani yake hakukuwa na alama yoyote ya upande.

Tangu siku hiyo sitaji saa nikiwa majini. Naandika maneno manne: BAHARI, NCHI, KULIA, KUSHOTO, kwa mtu aliyesimama juu ya gati akitazama baharini. Maelezo hayo yanakaa ukurasa wa kwanza wa ripoti. Nguzo nazihesabu kabla sijavaa, juu gatini, nikiwa na mteja au mtu wake. Safu ya nje ni A, inayofuata ni B. Namba 1 ni ya ncha tuliyokubaliana. Tunazipaka namba kwa rangi pale juu ambapo maji hayafiki, nazipiga picha kwa simu zote zikiwa mstarini, nachora na ramani ya mkono. Ramani hiyo ndiyo itakayofungua ripoti nzima. Mzamiaji anayeruka hatua hii kwa sababu "nguzo ni kumi na mbili tu, nitazikumbuka" bado hajafanya kazi kwenye tope la Lindi.

Chini sasa, kila kitu kinaanza na ubao. Kipande cha plastiki ngumu na penseli vinatosha. Usitumie ubao mweupe unaong'aa. Taa ikiupiga unageuka kioo na maandishi yanapotea. Kijivu au njano iliyopauka ni bora, au usugue ule mweupe kwa msasa. Andika tarehe, namba ya nguzo, upande na kina. Picha ya kwanza ya kila nguzo ni ya ubao wenyewe ukiwa umeshikizwa kwenye nguzo. Ukihamia upande mwingine, futa, andika upya, piga tena. Ni kazi ya kuchosha, najua. Lakini usiku ukiwa na picha mia tatu kwenye kompyuta utaushukuru huo ubao.

Kina nacho kina mtego wake hapa kwetu. Saa yako ya kuzamia inapima kutoka uso wa maji wa dakika hiyo. Wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya Mtwara yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo ufa ulioukuta mita 6 maji yakiwa yamejaa utasoma chini ya mita 3 ukirudi maji yakiwa yamekupwa. Mteja akipata ripoti mbili zenye vina viwili atadhani una nyufa mbili, au una uongo mmoja. Pima kwa futikamba kutoka kitu kisichosogea: ukingo wa zege juu ya nguzo. Andika "mita 7.4 chini ya ukingo wa zege" na mtu yeyote, mwaka wowote, atafika palepale.

Halafu rula. Jicho la mzamiaji linadanganywa na maji: ukitazama kupitia kioo bapa cha barakoa, kitu kinaonekana karibu zaidi kwa robo ya umbali wake, na kikubwa zaidi kwa kama theluthi. Ndiyo maana pweza wa chini ni mkubwa na pweza wa kwenye mizani ni mdogo. Ukikadiria ufa kwa macho utaukuza. Rula ikiwa ndani ya picha inakuzwa sawasawa na ufa wenyewe, kwa hiyo kipimo kinabaki kweli. Sharti ni moja: rula ilale juu ya chuma kilekile, umbali uleule kutoka kwenye lenzi. Ukiishika hewani, sentimita 5 mbele ya ufa, umerudi kwenye uongo. Na kwa kuwa GoPro inapinda kingo za picha, weka ufa na rula katikati, usipime chochote kilicho pembeni.

Sasa ukijani.

Maji yanakula rangi nyekundu kwanza. Ukifika mita 5 nyekundu imeshafifia sana. Chungwa inafuata, kisha njano, na kinachobaki ni bluu na kijani. Mpiga picha wa samaki analalamika kwa sababu picha haipendezi. Wewe una sababu nzito zaidi: rangi ndiyo habari yenyewe. Kutu mpya ni ya chungwa. Ipo kutu moja mbaya ya magati ya chuma, inayokula kwa kasi karibu na usawa wa maji yaliyokupwa, na inasaidiwa na bakteria. Dalili yake ni uji wa chungwa juu, ukiuparua unakuta weusi chini yake, na chini ya weusi chuma king'avu chenye mashimo. Bila taa, chungwa na weusi vyote vinatoka kama tope la kijani. Mhandisi anayeisoma ripoti yako Dar es Salaam hataona ugonjwa, ataona uchafu.

Kwa hiyo taa kazi yake ni kurudisha rangi, hata pale unapoona maji yana mwanga wa kutosha. Taa mbili za video za kuzamia, zenye mikono ya kuziweka mbali na lenzi, zitakutosha. Flashi si lazima. Zitanue pembeni, zielekeze mbele na nje kidogo, zisimulike maji yaliyo kati ya lenzi na nguzo. Taa ikikaa kando ya lenzi kila chembe ya tope inarudisha mwanga usoni pa kamera, na picha inajaa vidoti vyeupe kama umemwaga unga wa sembe. Kichujio chekundu kinachouzwa na hizi kamera ndogo kinafaa kwenye maji maangavu kwa mwanga wa jua peke yake. Ukiwasha taa, kitoe, la sivyo picha inakuwa nyekundu.

Kasoro yoyote ya maana naipiga mara mbili. Mara ya kwanza taa zote mbili zimewaka sawasawa, kwa ajili ya rangi. Mara ya pili nazima moja, na nyingine naishusha pembeni mpaka mwanga unatambaa juu ya chuma. Mashimo ambayo hayakuonekana kabisa yanaanza kutupa vivuli. Ni kama jua la jioni juu ya mchanga: kila unyayo unaonekana. Picha hii ya pili ndiyo huwafanya wahandisi wapige simu.

Na ukaribu. Kila sentimita ya maji unayoiondoa kati ya lenzi na chuma ni faida. Maji yakionyesha mita 2, piga kutoka nusu mita. Kamera kama yako haioni vizuri chini ya sentimita 30 hivi, kwa hiyo kwa picha za karibu sana inataka kilenzi cha kuongezea cha kukuzia. Hicho ndicho kitu cha kwanza ningekinunua kabla ya kamera nyingine yoyote.

Kuna siku lakini maji hayaonyeshi hata kiganja. Mto Lukuledi ukifurika, ghuba ya Lindi inakuwa chai ya maziwa. Ndani ya bandari ya Mtwara nako meli kubwa ikigeuka inakoroga tope lote. Kwa siku hizo kuna ujanja wa zamani wa wazamiaji wa kazi, na nashangaa ni wachache kwetu wanaoutumia: nenda na maji yako safi. Tengeneza sanduku la plastiki angavu, ile akriliki ya mafundi wa mabango, upana sentimita 30 kwa 30, urefu 25, viungo vyote vizibwe kwa silikoni. Lijaze maji ya bomba mpaka pomoni, uzibe. Chini unabandika uso mmoja kwenye chuma, lenzi unaibandika uso wa pili, taa unazipitisha ubavuni. Sasa kamera inatazama kupitia sentimita 25 za maji safi, na tope lote liko nje. Utaona mshono wa kuchomelea kana kwamba uko karakana.

Mambo matatu kuhusu sanduku hilo. Acha maji yatulie usiku mzima kabla ya kujaza, mapovu yatoke. Usiache hewa ndani hata kidogo. Kila mita 10 shinikizo linaongezeka kwa kama baa moja, hewa itabonyea na kuta zitapasuka. Tatu, linabeba lita 22 na nusu, maana yake juu gatini ni zaidi ya kilo 22, lishushe kwa kamba. Likishazama halina uzito wa kukusumbua, maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi kwa hiyo linakaribia kuelea. Kwa dharura, mfuko mnene wa nailoni angavu uliojaa maji unafanya kazi hiyohiyo kwa uso mdogo. Sizungumzii rambo, ile iliyopigwa marufuku Juni 2019. Hiyo ingepasuka hata kabla hujafika chini.

Siku ya kazi nayo ichague, usichaguliwe. Wavuvi wanapanga kwa bamvua na maji mafu, sisi tunakwenda tu siku mteja aliyopiga simu. Kwenye maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mkondo ni mdogo na tope halinyanyuki sana. Tena tumebahatika: pwani yetu maji mafu yanajaa kama saa nne, saa tano asubuhi, jua likiwa juu. Yale maji ya mwisho ya kujaa ndiyo yanayoleta bahari safi ndani ya ghuba, na yakisimama unapata dakika zako nzuri. Bamvua ni kinyume, yanajaa kama saa kumi, na kati yake mkondo wa mlango wa bandari unakubeba wewe na kamera yako. Miezi ya tanga mbili, kusi likiisha na kabla mvua hazijaanza Desemba, ndiyo ya kukagua. Kazi ya haraka haina msimu, lakini ukaguzi wa mwaka unaweza kusubiri siku kumi, na mteja akielezwa hivyo hukubali.

Ukiwa unakwangua, piga kabla na baada. Chaza na mwani uliokuta vinahusu kazi pia, maana unene wake unaongeza mzigo wa mawimbi kwenye nguzo. Choma rula mpaka chuma, piga, ndipo ukwangue. Anza na nguzo iliyo mwisho wa mkondo uende ukiukabili, ili wingu la uchafu wako liende kwenye nguzo ulizokwishamaliza. Zinki nayo: ya zamani kabla haijatolewa, sehemu ikiwa imesafishwa, mpya ikiwa imefungwa, boliti zinaonekana. Ukiwa na kipimo cha volti cha kugusisha, piga picha moja yenye ncha ikiwa imegusa chuma na namba inasomeka. Kwa chuma kwenye maji ya bahari, dhidi ya elektrodi ya fedha na kloridi ya fedha, mhandisi anataka kuona volti hasi 0.80 au hasi zaidi ya hapo, ndipo ajue chuma kinalindwa. Picha hiyo moja inaokoa ubishi wa kurasa mbili.

Kwa meli zenye usajili wa daraja, yaani zilizo chini ya chama cha uainishaji kinachokagua na kuthibitisha ubora wa meli, usimwahidi nahodha kwamba picha zako zitachukua nafasi ya kupandisha meli chelezoni. Ukaguzi huo wa majini upo, lakini unafanywa na kampuni zilizoidhinishwa na chama cha uainishaji cha meli hiyo, mkaguzi wao akitazama video moja kwa moja kutoka chini. Picha zako ni za mwenye meli, za kumwambia hali na kumthibitishia kazi.

Ukitoka majini, kazi ya pili inaanza na wengi ndipo wanapoiharibu. Saa ya kamera iwe imerekebishwa asubuhi. Piga picha ya saa ya simu iwe ya kwanza kwenye kadi, mfumo wa saa 24, usituingize tena kwenye saa tatu zetu. Nakili kadi kwenye diski mbili kabla hujafuta chochote. Faili za asili usiziguse. Ukitaka kuongeza mwanga au kurekebisha rangi, fanya kwenye nakala na uiandike kuwa ni nakala iliyorekebishwa. Zile programu za simu zinazonoa picha zenyewe ziache kabisa, zinaweza kuchora nyuzi za kutu ambazo hazikuwepo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hii mahakamani, lakini uzito wake unatazamwa kwa jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na uadilifu wake ulivyolindwa. Na tafadhali, usimtumie mteja picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida. Inazibana, na inazivua tarehe na taarifa zote za kamera. Tuma kama dokumenti, au mpe flashi ya kompyuta (USB) mkononi.

Kuhusu kasha na mpira wake sitasema mengi, miaka sita umeshajifunza: unywele mmoja unatosha kuzamisha kamera. Ila funga kasha asubuhi na mapema, ndani, pakavu, na kifuko cha silika cha kunyonya unyevu, siyo gatini saa sita mchana; hewa yetu ina unyevu, ukishuka kioo kinaingia ukungu na hakuna cha kukifuta. Jaribu kwenye ndoo ya maji baridi kwanza, utazame mapovu.

Na kamera isikupe kiburi. Mtu anayepiga picha hatazami geji yake. Niliyemwona karibu kuishiwa hewa kwa ajili ya picha ni mimi mwenyewe, nikitafuta pembe nzuri ya boliti. Kamera ifungwe kwa kamba kwenye kifua, mwenzako awe nawe, na aliye juu akukumbushe muda. Chini ya meli, kabla ya kitu chochote, rafadha ifungwe, mifereji ya kunyonya maji ifungwe, nahodha aweke saini, bendera A, ile ya kuonya kwamba kuna mzamiaji chini, ipandishwe. Karatasi hiyo yenye saini ipige picha, iwe ya pili kwenye kadi baada ya ile ya saa. Ruhusa ya kupiga picha ndani ya bandari nayo iombe kwa barua mapema. Eneo la bandari lina ulinzi wake na mlinzi wa getini hajui kwamba wewe unapiga kutu tu.

Sasa hela. Taa mbili na mikono yake, kilenzi cha kukuzia, rula ya chuma cha pua, ubao, sanduku la akriliki: haya yote kwa pamoja hayafiki hata robo ya kamera unayoitaka. Piga kazi nayo mwaka mzima. Mimi nilianza na Nikonos, kamera ya kuzamia ya filamu, picha 36 na basi, ukizimaliza unapanda juu. Tulizipanga kabla ya kuruka, tunaziandika kwenye karatasi moja moja. Ukiona baada ya mwaka huo kazi zinakudai picha ambazo GoPro haiwezi, nunua kamera ndogo ya kompakti inayosogea hadi sentimita 1 na inayohifadhi faili ghafi (RAW). Kamera kubwa yenye kasha la alumini ni ya mtu mwenye mkataba mezani.

Na ile nusu ya malipo iliyozuiliwa: mpigie mteja, mwambie utarudi kupiga upya bila kumtoza, maji mafu yanayokuja. Mwombe atume mtu wake awepo gatini saa mbili asubuhi wakati mnahesabu nguzo na kuzipaka namba, naye asaini ile ramani ya mkono. Nguzo zikiwa kumi na mbili, kila moja pande nne, ni asubuhi mbili za kazi. Ripoti iwe na ukurasa mmoja kwa kila nguzo, ubao juu, picha pana, kisha za karibu. Akikuuliza katika safari hiyo ya pili kwa nini hukufanya hivi mara ya kwanza, mjibu ukweli, kwamba hukufundishwa.